Mpiga Kengele wa Sura ya Mwisho

Fundi alikuwa anampima mteja kiuno pale baba yake alipoingia chumba cha cherehani, amevaa koti la kutokea, kofia mkononi.

"Mama," akamwambia binti yake, "zile karatasi zangu ziko wapi? Sijamaliza kitabu."

Fundi akabaki ameshika tepu hewani. Baba yake alikuwa mwandishi. Si wa kujulikana dunia nzima, lakini katika jimbo lao ilikuwa shida kupata nyumba isiyo na kitabu chake kimoja kilichochanika jalada. Karatasi zake zote, miswada, barua na vipande vya magazeti, zilikuwa katika maktaba ya jimbo tangu mwaka uliopita, maana paa la nyumba lilikuwa linavuja na panya walishaanza kuzisoma kwa meno. Alizitoa mwenyewe kwa hiari yake, akapeana mkono na mkurugenzi, akapigwa picha akicheka.

"Kitabu gani, Baba?"

"Cha mpiga kengele wa stesheni."

Hapo kichwa cha Fundi kikaanza kuzunguka. Kitabu hicho kilichapishwa yeye hajaolewa bado. Katika sura ya mwisho mpiga kengele anakufa kwa homa ya mapafu juu ya benchi la stesheni, na watu wazima walikuwa wakifika hapo wanafunga kitabu na kwenda kunawa uso. Sasa hakijaisha vipi? Na mzee hakuwa na dalili yoyote ya kupotewa. Alijua tarehe, alijua dawa zake, alijua hata kwamba yule mteja amenenepa, na akamwambia.

Jumanne wakaenda. Maktaba ilikuwa na masharti yake: mifuko inaachwa mlangoni, kalamu ya wino marufuku, penseli tu, na unaletewa jalada moja tu la nyaraka kwa wakati mmoja. Fundi alikuwa amebeba suruali ya mtu apinde miguu wakati akisubiri, lakini hata sindano wakamnyang'anya. Mtunza nyaraka, kijana mpole mwenye miwani mizito, akauleta mswada wa mpiga kengele kwa mikono miwili kama anayebeba kichanga.

Mzee akafunua ukurasa wa mwisho, akausoma, akaguna. Kisha akachukua penseli na kukata mistari mitatu.

"Mzee! Mzee, tafadhali!" Kijana alikuja mbio. "Huruhusiwi kuandika juu ya nyaraka!"

"Nyaraka gani? Huu ni mswada wangu."

"Ulikuwa wako, mzee."

"Kijana, wakati namwandika mtu huyu, mama yako mwenyewe alikuwa hajakuwaza."

Wote wawili wakamgeukia Fundi. Akimtazama kijana, aliona ana haki. Akimtazama baba yake, aliona ana haki pia. Alijisikia kama mtu aliyeitwa kuamua ugomvi wa mkono wake wa kulia na wa kushoto.

Kijana akapanda juu kwa mkurugenzi. Aliporudi alionekana amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka.

"Mkurugenzi anasema mtoaji akiwa hai, anaweza kuongeza nyaraka mpya. Za zamani haziguswi."

Basi mzee akapewa karatasi tupu. Akaandika mpaka adhuhuri, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Mpiga kengele akapata nafuu, akanyanyuka benchini, akaomba uji. Kijana akaipokea karatasi, akaitia kwenye jalada jipya, akalifunga kwa utepe.

Jumanne iliyofuata mzee akaiomba ili abadilishe neno moja.

"Hiyo nayo sasa ni ya zamani, mzee."

Baba akamtazama binti yake, macho yakiuliza kama kuna mwenye akili timamu humu ndani. Kisha akaomba karatasi nyingine, akaanza upya.

Mambo yakawa hivyo. Safari hii mpiga kengele alipona akahama mji. Safari ile alipona akafukuzwa kazi. Safari nyingine hakuugua kabisa, alijisingizia ugonjwa ili apumzike. Jalada likanona. Fundi, kwa kukosa sindano, akawa anazisoma zote, na kila alivyozidi kusoma ndivyo alivyozidi kutojua amshike yupi. Siku moja, akiwa na mteja dukani, alijikuta amekata shati la mtu mikono yote miwili ya kushoto.

"Kaka," alimnong'oneza mtunza nyaraka, "msomaji akija kuuliza mwisho wa kitabu, mtampa upi?"

"Dada yangu, nilikuwa nasubiri wewe uniambie."

Jioni ile, wakinywa chai, mzee akauliza ghafla, "Hivi mama, yule mpiga kengele alikufa au alipona?"

Fundi alizungusha kijiko muda mrefu. Alitafuta jibu lisilomuumiza mtu. "Alipona, Baba."

"Nani kakudanganya? Alikufa! Nilimuua mwenyewe, nikalia."

"Sasa mbona kila wiki unamponya?"

Mzee akaweka kikombe chini.

"Sijui," alisema. "Zamani nilimuua bila taabu, nilikuwa kijana. Siku hizi nikikaa pale nikimfikisha benchini, mkono unagoma." Akajikuna kidevu. "Na nikimponya, sijui nimfanyie nini. Wewe ungemfanyia nini?"

Fundi hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo na baba yake. Alikuwa binti wa kuambiwa "nyamaza, baba anaandika." Akacheka kwa aibu.

"Mimi? Ningemuoza."

"Mpiga kengele? Na umri ule?"

"Kwani ana umri gani kukushinda wewe?"

Mzee akamaliza chai yake.

Jumanne iliyofuata mzee aliandika mpaka wenye maktaba wakaanza kufunga madirisha, na kijana alipoichukua ile karatasi alikuwa akiisoma huku anatembea, akajigonga kwenye rafu. Nje, kwenye ngazi, Fundi akamshika baba yake mkono.

"Vipi, umemuoza?"

"Nimemuoza," mzee alisema kwa uchovu, "lakini mke mwenyewe ana maneno huyo! Anapingana naye kila sentensi. Jumanne ijayo, mama, kaa karibu yangu. Sijui nimjibu nini."