Mikeka Iliyogeuzwa Mgongo

Yule mpambaji tulimpachika jina la Bwana Asili, maana hawezi hata kuagiza maji bila kulitaja hilo neno. Ndiye aliyetuagiza mikeka kumi na minane ya kufunika kuta za mgahawa mpya. Kumi nilisuka mimi. Minane ni ya shangazi yangu, aliyenifundisha kazi. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, sasa anasuka kwa vidole tu.

"Nitaishika ikishapanda ukutani," aliniambia. "Nikiona mkono umechoka, naacha kusuka."

Siku ya kumpeleka nikatangulia mimi. Kufika mlangoni, nikashika kiuno. Mikeka yote imepigiliwa mgongo nje! Mkeka una uso na mgongo. Usoni miaa, yale majani tunayosukia, imelala laini. Mgongoni ndiko tunakoficha ncha, pale mwaa mmoja unapoishia na mwingine unapoanza. Sasa ncha zimechomoza ukuta mzima kama ndevu za mgonjwa.

"Kaka, umeigeuza."

"Makusudi, dada. Ule upande mwingine umenyooka mno, mteja atadhani umetoka kiwandani. Hapa anauona mkono wa mtu. Asili!"

"Hapa anauona uvivu wa mtu. Igeuze."

"Aa, dada, yaliyopita si ndwele. Misumari yote ile?"

Jamani! Na yeye kavaa shati lake vizuri tu, mishono iko ndani, hakuligeuza ili tuuone mkono wa fundi cherehani. Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka, akasema ni wazo zuri.

Kabla sijamjibu, shangazi akaingia, ameshikwa mkono na mume wangu. Nikafungua mdomo nimweleze, lakini vidole vyake vilishafika ukutani. Vikapita juu ya zile ncha, vikarudi, vikapita tena.

"Nimeanza kusuka hivi tangu lini?" akaniuliza polepole. "Na wewe unaona, unanyamaza?"

"Shangazi, siyo hivyo..."

"Ndio uzuri wake, mama!" Bwana Asili akadakia. "Hatutaki kazi iliyonyooka."

Shangazi akaushusha mkono. "Nirudisheni nyumbani. Miaa iliyobaki mpeni mwenye mikono."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikachukua koleo kwenye boksi la Bwana Asili, nikang'oa misumari ya mkeka mmoja huku yeye akilalamikia rangi ya ukuta. Mume wangu akavuta kiti, shangazi akakaa, nikamtandikia mkeka mapajani, uso juu. Vidole vikatembea kona hadi kona. Havikukwama popote.

"Huu ni wangu," akasema.

"Ni wako. Huyu bwana ndiye aliyeupigilia kinyume. Yote kaipigilia kinyume."

Machozi yakamtoka. Nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Kisha akageukia ile sauti iliyokuwa bado inanung'unikia rangi.

"Mwanangu," akamwambia, "nusura unizike mzima."

Bwana Asili akalichukua koleo mkononi mwangu, akaanza kung'oa mwenyewe.