Matawi ya Msuko

Mwalimu wa udereva ambaye wanafunzi wake walimpachika jina la Breki hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alishaendeshwa na bwana mmoja aliyeachia usukani ili apige chafya kwa raha zake. Alishaendeshwa na dada aliyefumba macho kila alipokutana na lori. Siku zote Breki alikaa kiti cha pembeni, mguu juu ya ile breki ya pili ya mwalimu, akisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Taratibu. Taratibu. Sasa hapo tumeingia barazani kwa watu."

Lakini nyumbani kwake kulikuwa na chumba kimoja ambacho akipita mlangoni pake alitembea ubavuubavu, mgongo ukisugua ukuta wa upande wa pili. Humo aliishi Msuko.

Msuko alikuwa nyoka. Mke wake Breki hakuchoka kumweleza kwamba si nyoka wa kutisha: hana sumu, hana makuu, rangi yake ya machungwa yenye mabaka mekundu, mwembamba kama mpini wa mwiko. Mteja mmoja wa saluni alihamia mbali akamwachia, na mke, ambaye kazi yake ni kusuka, alipomwona alivyojipindapinda akampa jina hapohapo. Akamnunulia kasha kubwa la mbao lenye kioo mbele na taa ya joto juu. Breki hakupinga. Alisema tu, "Sawa, mke wangu," huku mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu kwa nguvu, pale ambapo breki ingekuwepo kama nyumba ingekuwa gari.

Shida ilianza mke alipoamua kwamba Msuko anahitaji matawi.

"Nyoka wa aina hii hupanda," alisema. "Mwangalie anavyolala chini mchana kutwa, kama mkanda uliodondoka. Anataka kitu cha kuparamia, na mahali pa kupumzika akifika juu."

"Nitashughulikia," Breki akajibu.

Alikuwa na namna yake ya kusema atashughulikia, na mkewe aliijua vizuri. Kwa hiyo mke akachukua msumeno na stuli, akaenda kwenye mpera wa jirani, akapanda. Stuli ikaenda huku, yeye akaenda kule. Jioni alirudi kutoka hospitali mkono wake wa kulia umevunjika na kufungwa hogo jeupe la plasta, gumu kama jiwe, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Jirani naye, kwa kuogopa lawama nyingine, akapiga marufuku mtu yeyote kuusogelea mpera wake.

"Sasa piga hesabu," Breki alimwambia mkewe, nusu hasira, nusu huruma. "Humu ndani tuko watatu. Mimi nina mikono miwili, wewe umebaki na mmoja, na huyo wako hana hata wa dawa. Nyumba nzima mikono mitatu!"

"Mitatu inatosha kufunga tawi," mke akasema.

Breki akamtazama vizuri, akaona kabisa kwamba akichelewa, mwanamke huyu atapanda tena kwa mkono mmoja. Akapiga moyo konde.

Tawi lenyewe lilimfuata kazini. Siku hiyo alikuwa akimfundisha mama mmoja mfamasia, mtu mpole anayeendesha kama anayebeba mayai, kurudi nyuma na kuegesha. Mama akarudi nyuma. Akaendelea kurudi nyuma. Breki alikuwa ameinama kuokota kalamu, mguu uko mbali na breki, akasikia kishindo, kisha kitu kizito kikaburuzika juu ya bati la gari. Wakatoka. Mti wa kando ya barabara ulikuwa umewapa tawi zuri ajabu, lina mikono mitatu, nene kama kifundo cha mtu.

"Mwalimu, nisamehe," mama akasema, machozi yakimlengalenga.

"Nikusamehe nini?" Breki akasema, akilizungukazunguka lile tawi kama anayelichagua dukani. "Hili ndilo hasa! Ungeweza kurudi nyuma kidogo tena, tupate na la pili?"

Mama mfamasia akasimulia mtaa mzima kwamba hajawahi kukutana na mwalimu mwenye moyo wa namna ile.

Wakati huo mama mkwe wake Breki alikuwa ameshafika kumsaidia bintiye kupika. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye maoni juu ya kila kitu, na siku ya kwanza aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga chumba cha nyoka hadi anaingia kaburini. Akaweka kiti chake ukumbini, mkabala na mlango wa chumba hicho. Hapo ndipo alipochambulia mchicha wake, jicho moja kwenye sufuria, jicho moja kwenye kasha.

Breki alilisugua tawi kwa maji ya moto, akalianika juani hadi wadudu wote wakahama. Mke alimwambia inatosha. Lakini Breki alikuwa ameshaanza kulipenda. Akanunua msasa. Akabandua gome lote, akakwangua, akasugua, akalipapasa kwa kiganja, akasugua tena. Mwishowe tawi likang'aa kama kioo cha saa.

"Kazi nzuri, mwanangu," mama mkwe alisema kwa dhati. "Mtu angeweza kulikalia wageni wakija."

Jumapili ikawa siku ya kulifunga. Ilibidi Msuko atolewe kwanza, na Breki akasimama ukumbini nyuma ya mama mkwe hadi kazi hiyo ilipokwisha. Mke alimnyanyua kwa mkono mzima. Msuko akaunusa hewa kwa ulimi, akalikuta lile hogo, akajizungusha juu yake mara kadhaa, akatulia kabisa kama bangili.

"Ingia sasa, amelala," mke akaita.

Breki akaingia. Akalisimamisha tawi kubwa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, mbali kidogo na taa, akalikaza kwa skrubu kutoka nje ya ubao. Akaweka na kipande kingine kilicholala karibu na kioo, cha kupumzikia. Kila Msuko alipocheza mkia, mguu wa Breki uliikanyaga sakafu, pu!

"Hilo la juu limeinama upande," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

"Halijainama, mama."

"Limeinama. Mimi si nyoka, lakini ningeanguka."

Akalinyoosha. Mke akaingiza mkono wenye hogo ndani ya kasha ili Msuko ahame mwenyewe. Msuko hakuhama. Wakangoja. Mama mkwe akaleta chai, akasahau kiapo chake kwa hatua moja, akakumbuka, akarudi nyuma, akanyoosha kikombe kutoka mlangoni kama anayemlisha simba. Mke akanywa chai kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia umelazwa ndani ya nyumba ya nyoka.

Mwishowe Msuko akainua kichwa. Akaligusa tawi. Akapanda kiasi, taratibu, na watu watatu wakashika pumzi. Kisha akaanza kurudi chini kinyumenyume, bila kutaka, macho yake yakitazama mbele kwa heshima zote, hadi akatua kwenye majani makavu, pwata.

Akajaribu tena. Pwata.

Akamgeukia Breki, akamtazama. Halafu akarudi zake kwenye hogo.

"Umeona?" Breki alisema, sauti ikimtetemeka kwa uchungu. "Umeona alivyonitazama? Amenidharau. Jasho langu lote, mtu hana hata mabega, ananidharau!"

"Hajakudharau, mume wangu. Pengine bado mgeni."

Siku zilizofuata hali ikawa ileile. Msuko alilala chini ya majani, na mke alipofungua kasha tu, alilipanda hogo. Breki akanuna. Alipita mlangoni bila hata kutembea ubavuubavu, kwani alikuwa amemkasirikia nyoka kiasi cha kusahau kumwogopa.

Asubuhi ya kwenda kukatwa hogo, walichelewa kuamka. Mke alibadilisha maji ya Msuko harakaharaka, akafunga kasha, akajitupia mtandio juu ya mkono, wakaondoka. Hospitalini wakaitwa. Daktari, kijana nadhifu mwenye miwani, akauondoa mtandio. Kati ya hogo na kitambaa kilichouning'iniza mkono shingoni, kichwa kidogo cha rangi ya machungwa kikachungulia, kikatoa ulimi.

Daktari hakupiga kelele. Alipanda tu juu ya kitanda cha wagonjwa na viatu vyake, akasimama huko.

"Hana sumu," mke akasema.

"Sijauliza," daktari akajibu kutoka juu. "Namwomba mmiliki amwondoe, kisha ndiyo nishuke."

"Siwezi kumshika na huku unanikata hogo. Mume wangu atamshika."

Breki akageuka kumtafuta huyo mume. Hakukuwa na mwingine. Muuguzi aliyekuwepo alikuwa ameshafunga mlango kwa nje na alisikika akiwatangazia watu wa foleni wasogee. Mguu wa Breki ukakanyaga, pu, pu, pu, lakini chumba hakikusimama. Mke akamtazama kwa upole na kumwambia, "Taratibu. Taratibu tu," kwa sauti ileile ambayo Breki aliizoea kinywani mwake mwenyewe.

Akanyoosha mkono. Msuko akahamia.

Breki alifumba macho akingojea utelezi, maana maisha yake yote aliamini nyoka anateleza kama bamia. Hakuteleza. Alikuwa mkavu, mwanana, ana uvuguvugu wa mkono wa mtu. Alipanda sweta la sufu la Breki tangu kifundoni hadi begani, akishika hapa, akijisukuma pale, bila kurudi nyuma hata kidogo. Breki akafumbua jicho moja. Akalitazama sweta lake, jinsi lilivyochakaa na kuota vinyweleo. Akalitazama hogo lililokuwa likikatwa na daktari, aliyekwisha kushuka kitandani, jinsi lilivyoparuza. Akakumbuka msasa.

"Mke wangu!" alipaza sauti, hata daktari akanyanyua msumeno wake mdogo kwa mshtuko. "Si dharau! Nilimpa utelezi! Mtu gani anaweza kupanda mguu wa meza?"

Walirudi nyumbani Msuko akiwa bado begani kwake. Breki hakutaka hata kula. Alimkabidhi nyoka kwa mkewe, akanunua kamba ya katani, akalizungushia lile tawi kwa kukaza, duara kwa duara, ule mng'ao wake wote ukafunikwa. Roho ilimuuma kidogo, lakini akaendelea. Kipande cha kupumzikia alikipasulia gome jipya kutoka kwenye gogo la kuni na kukivisha.

Msuko akashushwa ndani. Akaigusa kamba. Akapanda moja kwa moja bila kusita, akapita mkono wa kwanza wa tawi, akapita wa pili, akafika juu, akajikunja kwenye njia panda ya tawi na kuuning'iniza mkia wake hewani.

Breki akakaa sakafuni. Mkewe akaja kukaa kando yake, akiunyoosha mkono wake mwembamba uliotoka kwenye hogo, na walipogeuka wakamkuta mama mkwe amekaa katikati yao na nyuma kidogo, kiti chake amekihamishia ndani ya chumba, sufuria ya mchicha magotini.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mtazameni yeye. Sasa lile la kupumzikia mmeliweka mbali. Atafikaje?"

Jumamosi ilikuwa siku ya mama mkwe kurudi kwake. Mkoba ulishafungwa, na Breki ameshawasha gari nje. Mama mkwe alikuwa bado palepale mbele ya kioo.

"Nitaondoka akishuka," alisema.

Breki akazima gari, akaingia ndani, akavuta kiti.