Kidole cha Fundi Saa

Kazi ya mkaguzi wa mizani ni kutomwamini mtu. Kwa miaka kumi na minane mke wa fundi saa aliingia madukani na sanduku lake la mawe ya kupimia, akayapanga moja moja kwenye mizani ya muuza sukari, ya muuza nyama, ya muuza misumari, akautazama mshale bila kumtazama mwenye duka. Uso, alikuwa akisema, hauna gramu. Alizijua hila zote: sumaku chini ya sahani, kokoto ndani ya kopo, na ile ya kale kuliko zote, kidole gumba kinachoegemea sahani kana kwamba kimechoka. Mtaani walimwita Bi Gramu, naye hakuona ubaya. Jina lilikuwa sahihi.

Kwa hiyo moto wa msituni ulipokiteketeza kilima cha tatu kutoka kwao, na watu wa zimamoto wakapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wajiandae, yeye peke yake aliwauliza maswali yenye tarakimu. Alitaka kujua upepo wa kasi gani, umbali gani, magari mangapi hupita darajani kwa dakika moja. Ofisa mmoja mwenye haraka zake alimjibu kwamba daraja ni moja na mtaa una nyumba mia mbili. Atakayechukua zaidi ya robo saa kutoka nyumbani atakuta foleni imemfuata hadi langoni. Bi Gramu aliandika: dakika kumi na tano. Akapiga mstari chini yake.

Jumapili hiyo nyumba ilifanyiwa ukaguzi. Majani makavu yalitolewa kwenye mifereji ya paa, kichaka kilichougusa ukuta kikakatwa, kuni zilizorundikwa chini ya dirisha zikahamishiwa mwisho wa kiwanja. Gari liliamriwa kulala limeelekea lango, tangi lisishuke chini ya nusu. Mkoba mmoja ulitundikwa nyuma ya mlango: hati za nyumba, vyeti, tochi, barakoa, maji, na dawa za presha za mama mkwe za wiki mbili. Simu zote, ilikuwa kanuni, zitaingia humo kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mtu mwenye simu mkononi ana mkono mmoja tu. Muda wa kutoka ungepimwa kwa saa ya ukutani ya sebuleni, ile ambayo fundi alimpa siku ya harusi na ambayo kila Jumapili aliirekebisha kwa mkono wake. Saa hiyo ingekuwa kitu cha mwisho kutoka. Fundi angeichukua, aifikishe garini, Bi Gramu aisome.

Mazoezi ya kwanza ya kuhama, Jumamosi iliyofuata, yalichukua dakika ishirini na sita.

Bi Gramu hakupandisha sauti. Alieleza tu, wakiwa mezani, kwamba yeye huzima gesi, hufunga madirisha na kusimama langoni na mkoba katika dakika ya tano, kisha husubiri dakika ishirini na moja hadi mume wake atokeze akiwa amemshika mama yake mkono. Mama alikuwa na miaka sabini na minane, goti moja bovu na mkongojo. Hakuna aliyemlaumu, goti ni goti. Lakini kama Jumamosi ijayo robo saa itapita tena, Mama ataenda kukaa kwa binti yake mjini, ghorofa ya nne, hadi mvua zinyeshe.

Mama hakubisha. Alikuwa fundi cherehani miaka hamsini na alijua kitambaa kikishakatwa hakiungwi kwa maneno. Aliuliza tu kama kule ghorofani cherehani yake itaruhusiwa, ingawa wote walikumbuka kwamba mara ya mwisho jirani wa chini alipanda kulalamika kuhusu kelele, na Mama akamaliza miezi miwili akitazama maegesho ya magari. Fundi aliinamia sahani yake.

Jumamosi ya pili walianza saa nne kamili, mlio wa redio ukiwa shahidi. Bi Gramu alizima gesi, akafunga madirisha, akasimama langoni. Akasubiri, kwa makadirio yake, kama mtu anayesubiri maharage yaive. Hatimaye wakatokeza, mama na mwana, na fundi akarudi mara moja ndani kuchukua saa. Aliileta akiwa ameikumbatia kifuani, akaingia garini walimoketi wenzake, akamgeuzia mkewe uso wa saa. Saa nne na dakika kumi na nne.

Alifurahi. Alifurahi kiasi cha kumgusa mama mkwe bega, jambo ambalo hakulifanya kila mwaka. Mama alisema ahsante kwa sauti ndogo na kutazama nje ya dirisha la gari. Kilichobaki kwenye orodha kilikuwa redio ya gari. Bi Gramu aliiwasha kuona kama inashika mawimbi. Ilishika vizuri. Mtangazaji mchangamfu aliwakaribisha wasikilizaji wote waliojiunga naye sasa hivi, saa nne na dakika ishirini na tano.

Bi Gramu aliizima redio. Aliitazama saa iliyokuwa mapajani mwa mumewe, na kile kigurudumu kidogo mgongoni mwake kinachozungusha mishale. Miaka kumi na minane alikuwa amepima mizani ya kila mtu mjini, na hakuwahi hata siku moja kukipima chombo cha nyumbani kwake. Kweli kinyozi hajinyoi.

"Mume wangu," alisema, "nionyeshe kidole gumba."

"Kipi?"

"Kile kilichochoka."

Fundi alikitoa. Kilikuwa na alama mbichi ya mafuta ya saa, duara dogo jeusi, safi kama muhuri.

"Muuza sukari alinipunja robo kilo," alisema Bi Gramu, "nikamfungia duka. Wewe umenipunja dakika kumi na moja. Nikufungie nini?"

"Nifungie utakacho," alisema fundi. "Ila Mama asiende kule."

Bi Gramu alikuwa na majibu kadhaa tayari, yote ya kweli, kwa mfano kwamba moto hausomi saa ya ukutani. Lakini alimwona mume wake, mtu asiyeweza kuuza saa ya mkono bila kumwonyesha mnunuzi mkwaruzo wake, akiwa ameshika ushahidi mapajani kama mtoto aliyevunja bakuli, akaona hasira haitampa tarakimu yoyote. Alichokosa ni kipimo. Alikuwa amepima mzigo wote kwa pamoja bila kujua nini kina uzito gani.

Akasema wanarudia, sasa hivi, baada ya chai. Safari hii angepima kwa saa ndogo ya ofisini, aliyoitoa kwenye sanduku lake la mawe na kuitundika shingoni, na kila mtu angetoka peke yake.

Fundi alipinga. Mama, alisema, hawezi kushuka ngazi tatu za barazani bila kushikwa. Mama akasema atajaribu, na kwamba ngazi zile alizishuka kabla fundi hajazaliwa.

Mama alitoka katika dakika ya sita. Alikuja na mkongojo wake, mfuko wake begani, kofia yake kichwani, hatua kwa hatua kama mtu anayepima kitambaa kwa dhiraa. Katika dakika ya nane alikuwa ameketi kiti cha mbele na mkanda ameufunga. Bi Gramu aliitazama saa yake, akaitikisa, akaisikiliza, akaiamini.

"Mama, siku zote ulikuwa wapi?"

"Kitandani, nimevaa. Mwanangu huniambia nimngoje, tutoke pamoja." Mama alinyoosha sketi yake. "Mimi humngoja."

"Na hukusema kitu?"

"Mwanao ukimsema kwa mkewe, unamharibia chakula."

Wakasubiri wote wawili. Dakika ya kumi na tano ilipita, ikapita ya ishirini. Bi Gramu aliteremka akaenda hadi chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana ya mume wake. Alimkuta ameketi. Mezani kulikuwa na saa za wateja arobaini na moja, na fundi alikuwa akiziingiza moja moja kwenye bahasha, akiandika juu ya kila bahasha jina la mwenyewe na ugonjwa wa saa yake, kwa mwandiko mzuri. Alikuwa amefika ya ishirini na tisa. Hiyo ilikuwa sikioni mwake, kwa sababu mapigo yake yalichechemea, na kifuniko cha mgongo alikuwa ameshakifungua.

"Saa za watu ni amana," alisema alipomwona.

"Unajua umekaa humu dakika ngapi?"

Alifikiri. Alikuwa na saa arobaini na moja mbele yake. "Nne?"

Hukumu ilisomwa garini, mbele ya mama mzazi. Mama: dakika nane. Fundi: ishirini na nne. Kwa kipimo hicho, alisema Bi Gramu, anayepaswa kwenda ghorofa ya nne kwa dada yake hadi mvua zinyeshe si yule waliyemdhania. Mama alicheka hadi akalazimika kushika goti. Fundi hakucheka mara moja. Alikuwa akihesabu ni mara ngapi alimwonea mama yake huruma kwa uchelewaji wake mwenyewe.

Dawa yake aliitengeneza Mama. Kwa siku mbili cherehani ilinguruma, na siku ya tatu akatoa kitambaa kirefu cha turubai chenye mifuko arobaini na mitano, kila mmoja na nambari iliyotariziwa na kishikizo chake. Kilitundikwa ukutani karakanani, na tangu siku hiyo kila saa ya mteja ililala mfukoni mwake, si mezani. Kukitundua, kukikunja na kukifunga kamba kulichukua sekunde hamsini. Bi Gramu alipima mara tatu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nane mchana, upepo uligeuka. King'ora cha zimamoto kilianza kulia mwisho wa mtaa, na juu ya paa la jirani anga likawa na rangi ya chai iliyokolea. Hakuna aliyekimbia ndani ya nyumba ile. Simu mkobani, gesi, madirisha, pazia la mwisho. Bi Gramu alipofika garini, kiti cha mbele kilikuwa na mtu tayari, barakoa usoni, mkongojo katikati ya magoti. Mama aliegemea honi mara moja, kwa muda mrefu, kwa niaba ya mwanawe. Fundi alitokeza na turubai begani na saa ya ukutani kwapani.

Moto ule ulikuja kuishia kwenye kijito, nyumba sita kabla ya kwao, lakini hilo walilijua siku mbili baadaye. Alasiri ile walijua tu kwamba walivuka daraja likiwa bado na nafasi, na kwamba walipogeuka nyuma foleni ilikuwa imeanza kushikana.

Kwenye uwanja wa shule waliposajiliwa, fundi aliigeuza saa kumwelekea mkewe. Kabla hajaisoma, Bi Gramu alimwomba aweke mikono yote miwili juu ya usukani, mahali inapoonekana. Akailinganisha na ile ya shingoni, na redio, na saa ya mteja nambari kumi na saba ambayo fundi aliapa haijawahi kusema uongo. Zote nne zilikubaliana, kwa hiyo muda aliouandika walipokuwa wakitoka langoni ulikuwa wa kuaminika: dakika kumi na mbili.

"Basi Mama anabaki nyumbani?" aliuliza fundi.

Bi Gramu alikuwa akiandika. Alimaliza mstari kwanza.

"Mama anabaki," alisema. "Wewe bado nakufikiria."