Chupa ya Kocha Bogdan

Mimi Murielle, msusi wa Rosettenville, Johannesburg, nilipanda baiskeli mara ya kwanza nikiwa tayari bibi wa watu. Daktari alisema sukari imepanda, nifanye mazoezi au nife. Kutembea sipendi, nikaazima baiskeli ya shemeji.

Kwenye mteremko wa Kensington nikaanguka mbele ya geti la mzungu mzee. Hakuuliza kama nimeumia. "Mabega yako yamekaza," alisema kwa Kiingereza kigumu. "Yalegeze. Kesho alfajiri uje hapa."

Huyo ndiye Bogdan Sikora. Kwao Poland alikuwa mtoto wa mchimba makaa, akashindana kwa baiskeli mpaka goti likavunjika, kisha akawa kocha wa timu ya taifa miaka mingi. Vijana wake walileta medali. Mkewe alipofariki, binti yake aliyeolewa hapa Johannesburg akamleta. Alikuwa anashinda getini akitazama barabara, hadi nilipomwangukia.

Nikaleta wenzangu wa kanisani, Jocelyne na Arlène. Watu wa Bertrams walitucheka: wamama wazima na makalio yao juu ya kiti kidogo vile! Kocha hakucheka hata siku moja. Alitufuata na gari, binti yake akiendesha, yeye kichwa nje ya dirisha, akitufokea kwa Kiswahili tulichomfundisha: "Mabega! Kanyaga!" Tukichoka, gari linakuja ubavuni na mkono wake unatoka na chupa ya maji. Kusimama hakuna.

Alitugombeza kama alivyowagombeza mabingwa wake, na kwa hilo namshukuru kuliko hata kwa sukari iliyoshuka. Tangu nitoke Bukavu, wapo walionihurumia na wapo walionifukuza. Hakuna aliyetarajia nifanye jambo vizuri.

Mwezi huu akasema anarudi kwao, azeekee karibu na kaburi la mkewe. Sisi Wakongo hatumwachi mtu aende hivihivi. Tukaandaa chakula kanisani, na hotuba. Hakuja.

"Asante ni ya waliomaliza mbio," aliniambia kwenye simu. "Nyinyi bado mnakanyaga."

Nilikasirika mpaka nikalia. Mtu amenirudishia uhai, halafu ananinyima nafasi ya kumshukuru!

"Eish, kesho anaenda," nikawaambia wenzangu. "Ataenda bila kujua?"

"Basi tumufate," akasema Jocelyne. "Yeye alitufata siku zote."

Asubuhi gari lilipotoka getini kwenda uwanja wa ndege, tulikuwa nyuma yake. Kocha aligeuka kwenye kiti cha nyuma, akatutazama tukipanda kilima. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba siku zote alikuwa akiiona migongo yetu tu. Nyuso zetu tukipanda kilima hakuwa amewahi kuziona. Alitoa leso.

Robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, kabla ya barabara kuu ilikuwa nyekundu. Baiskeli haziruhusiwi kupita pale. Kabla sijalifikia gari taa ikawa kijani, likaanza kusogea. Nikakanyaga, mapafu yanawaka, mpaka nikafika ubavuni mwa dirisha. Nikanyoosha mkono wenye chupa ya tangawisi, juisi yetu ya tangawizi, niliyomtengenezea.

"Asante, Kocha!"

Safari hii hakunikatiza. Aliipokea, akanywa palepale, machozi yanamtiririka. Gari likashika barabara kuu. Tukabaki kando, mguu mmoja chini, tunapunga mikono. Kichwa chake kikatoka dirishani.

"Murielle! Mabega!"

Nikayalegeza.