Vigae Tisa vya Chini ya Sinki

Jiko la mama mkwe lilinuka. Halikunuka moshi wala kitunguu kilichoungua. Lilinuka kama kidonda kilichofungwa bendeji wiki mbili bila kufunguliwa. Ukisukuma mlango tu, harufu inakupokea kama mwenyeji. Na juu ya uvundo huo sakafu mpya ya vigae vya poselini iling'aa, nyeupe, imenyooka, kasoro huioni hata ulale kifudifudi.

Aliyeitandika ni mkwewe, fundi wa vigae ambaye mtaa mzima ulimwita Pimamaji, kwa sababu hata kikombe cha chai hakukiweka mezani kabla ya kuangalia kama meza imelala sawa.

Aliitandika juu ya vigae vya zamani. Kazi hiyo si mbaya, mradi ufuate hatua zake. Unasugua mafuta ya miaka yatoke, unakwaruza kigae cha chini ili gundi ishike, na kabla ya yote hayo unapiga magoti na kugonga kila kigae kwa mpini wa nyundo. Kizima kinajibu kwa sauti fupi, ngumu. Kilichoachia chini kinajibu kama debe tupu. Hicho unakitia chaki, unakibandua, unatazama kuna nini, unaziba. Usipogonga, unamvika maiti suti.

Pimamaji aligonga jiko zima isipokuwa vigae tisa vya chini ya sinki. Siku ile mama mkwe alikuwa amekaa hapo hapo juu ya kigoda, miguu ameinyoosha, anamenya vitunguu. Angemwomba ainuke. Lakini mkwe ni nguo. Utajipindaje na nyundo kandokando ya miguu ya mama mkwe, makalio yako yanatazama dari? Aliona haya. Akavipima kwa jicho, akasema moyoni, "Hivi vizima," akaviruka. Mama alipoinuka, gundi ilikuwa imeshakorogwa kwenye ndoo, na gundi haimsubiri mtu.

Harufu ilipoanza, Pimamaji alisema ni panya. "Kafia nyuma ya kabati." Wakasogeza kabati, panya hayupo. "Basi kafia darini."

"Panya gani huyu haishi kuoza?" aliuliza shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa ofisini mwenye mdomo. "Ni panya au tembo?"

Pimamaji alicheka, ila rohoni alishajua. Siku ya pili tu ya harufu ile aliona mstari wa maji ya kahawia ukichuruzika pembeni mwa sinki, kwenye simenti nyeupe aliyojazia mianya. Aliupangusa kwa kidole gumba, akakinusa kidole. Aliosha kidole mara tatu. Kisha akanyamaza, kwa sababu fundi akisema "nilikosea" mbele ya wakwe, hilo jina la Pimamaji atalivaa nani?

Jumapili wakakaa sebuleni, yeye, mkewe na shemeji, madirisha wazi yote. Mama alikuwa jikoni. Brashi yake ilisikika ikikwangua.

"Mama amechoka," shemeji alisema kwa sauti ya chini. "Macho yamekwisha, uchafu hauoni tena. Juzi nimekuta kapulizia kopo zima la dawa ya kunukia. Ikawa mzoga wenye marashi."

"Mama alivyokuwa msafi!" alisema mke wa Pimamaji. "Tulikuwa tunaogopa hata kukanyaga. Uzee jamani."

"Ahamie kwangu. Nyumba tuipangishe."

"Nani atapanga na harufu hii?"

"Tutasugua akishaondoka. Yeye ndiye tatizo."

Mlango ulifunguka. Mama mkwe alisimama hapo na ndoo, viganja vyake vyekundu, vimechunika kwa dawa ya madoa.

"Nasikia mnanihamisha."

"Si kukuhamisha, mama," shemeji alisema. "Kukupumzisha."

"Anayepumzishwa ni maiti. Mimi bado nakula." Akaweka ndoo chini, na sauti ikamshuka. "Lakini labda kweli ni mimi. Leo nimesugua mara nne na jua bado halijafika kichwani. Nalala nayo, naamka nayo, hadi kwenye nywele naisikia. Baba, wewe uko kimya tu. Hebu niambie kweli. Ni mimi ninayenuka?"

Aliyeitwa baba ni Pimamaji. Kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwake. Katika maisha yake alishazibua vyoo na kubandua sakafu za machinjio, lakini hajawahi kukutana na kitu kichafu kama yeye mwenyewe alivyokaa pale kwenye kochi na kikombe chake.

"Si wewe, mama," alisema. "Ni mimi."

Alitoka, akarudi na nyundo na tindo, akapiga magoti chini ya sinki, makalio juu mbele ya wakwe wote, na safari hii haya haikumshika. Kigae cha poselini kiliachia kwa sauti ya kunyonya, kikainuka na vile vya zamani vinne vimegandia chini yake kama mfuniko wa sufuria.

Chini palikuwa na shimo, na shimo limejaa. Maji meusi, na juu yake utando wa mafuta ya kijivu uliotikisika kama ini bichi. Punje za wali zimefura. Nywele. Funza weupe wakajikunja kwa mwanga, na mende wakatoka mbio kama watu waliosikia bei imeshuka.

Shemeji aliwahi sinki akatapika. Akafungua maji kusukuma. Na wote wakaona alichotapika kikitokea kwenye ufa wa bomba la maji machafu, chini, kikiingia shimoni mbele ya pua ya Pimamaji.

"Basi ndipo hapo," mama mkwe alisema polepole. "Bomba hilo lina miaka. Zamani maji yalitokea kwenye mianya ya vigae, asubuhi nakausha na tambara, yamekwisha. Niliona haya kukuambia. Mkwe mzima, nikuambie jiko langu linatoa maji machafu?"

Pimamaji alielewa. Poselini hainywi wala haitemi. Alipoziba kila mwanya, uchafu ulikosa mlango, ukatambaa chini ya sakafu nzima.

"Nami niliona haya kukuinua, mama. Sikugonga hapa."

Shemeji alifuta mdomo. "Wewe haya, mama haya, na haya zenu zote mbili nimezitapikia mimi."

Mke wa Pimamaji alikuwa anamtazama mumewe, si usoni, bali vidoleni, palipokuwa na ule utando.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya pili."

"Tunapanga kumtoa mama nyumbani kwake, na wewe unatuambia panya." Akarudi nyuma hatua moja. "Usinishike na mikono hiyo."

Ilibidi sakafu ing'olewe yote, ya juu na ya chini, hadi zege. Mama mkwe hakuhama. Alipikia ukumbini, na kila mgeni aliyeingia alipelekwa kuonyeshwa shimo.

Hesabu ya hasara ni hii. Vigae vipya arobaini, vilivyotoka vizima vitatu. Mifuko sita ya gundi. Ndoo thelathini na moja za tope la mafuta, zote alizibeba Pimamaji mwenyewe. Bomba jipya na siku moja ya fundi bomba. Siku tisa za kazi, na siku hizo tisa mkewe alilala chumbani kwa mama yake. Viganja viwili vya mama mkwe. Na siku kumi na tisa za harufu ile, ambazo mwanamke aliyesugua jiko lake mara nne kwa siku aliitwa mchafu na watoto aliowazaa.