Meno ya Mpiga Tarumbeta

Fundi wa meno ya bandia alikuwa mama wa makamo, hodari wa kazi na mwingi wa masihara, na muziki wa jazi hakuuelewa hata chembe. Kwake tarumbeta ilikuwa kelele za kuwaamsha waliolala. Basi siku mzee mmoja alipoingia kwenye karakana yake amefunika mdomo kwa leso, mkewe nyuma amekumbatia kisanduku cheusi, hakujua amepata mgeni gani.

"Mume wangu ndiye Radi," mke alisema, kama anayetaja jina linalojulikana dunia nzima.

Fundi hakuwahi kulisikia. Ikabidi aelezwe. Mzee huyo alianza kama mpakuzi wa mizigo bandarini, akijifundisha kupuliza ndani ya kontena tupu wenzake walipokwenda kula. Tangu hapo alikuwa amepigia bendi ya jazi miaka thelathini na mmoja. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi za ukumbi akimsaidia mwenzake kubeba ngoma. Ngoma ilisalimika. Meno yake manne ya mbele hayakusalimika.

"Nitengenezee meno ya kupulizia, si ya kutafunia," mzee alisema, maneno yakivuja pengoni. "Supu nitakunywa."

"Mzee wangu, nitakupa yote mawili," fundi akacheka.

Baada ya wiki mbili meno yalikuwa tayari, meupe, yamejipanga kama askari kwenye gwaride. Fundi aliyaonea fahari. Mzee akayavaa, akafungua kisanduku, akapuliza. Ukatoka mluzi wa birika, kisha hewa tupu. Mkewe akageukia dirishani.

Fundi akachonga, akapunguza, akaongeza. Mara ya pili, mara ya tatu, mambo yakawa yale yale. Mzee hakulalamika. Mkewe ndiye aliyesimulia kwamba kila asubuhi mumewe hukaa kwenye kiti cha jikoni na kushika sauti moja tu, nusu saa nzima, mpaka midomo inachanika.

"Amerudi darasa la kwanza, fundi. Na hajakosa hata siku moja. Mimi ningeshaitupa tarumbeta jalalani."

Fundi akayaweka meno mezani. Alizoea watu waliosusa meno mapya kwa sababu tu ya kushindwa kutafuna karanga.

"Mama," alisema, "una picha yake ya zamani, akicheka?"

Picha ikaletwa kesho yake. Fundi akaiweka chini ya taa, akashika kioo cha kukuzia, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Meno ya mzee hayakuwa yamejipanga hata kidogo! Katikati palikuwa na mwanya, na jino la kushoto lilimwegemea jirani yake kama mlevi. Pumzi ilikuwa imepita hapo miaka yote, naye fundi, kwa ustadi wake wote, alikuwa ameiziba njia.

Akakaa akatengeneza meno yaliyokaa upande, kwa makusudi, kwa mara ya kwanza maishani.

Mzee alikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Akayavaa, akapitisha ulimi.

"Haya nayajua," alisema polepole. Akainua tarumbeta.

Sauti ilianza chini, karibu na mnong'ono, ikapanda bila haraka, ikajaa chumba hadi vifaa vikatetemeka kwenye sinia. Mgonjwa aliyekuwa akiugulia jino kwenye benchi la nje akanyamaza. Fundi alikuwa ameshika vinywa vya maelfu ya watu. Alijua kila msuli na kila mfupa wa taya, na alijua kinachotoka mle ni pumzi tu. Sasa pumzi hiyo hiyo ilimsimamisha vinyweleo mwili mzima. Akagundua ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kana kwamba sakafu ingeondoka.

Mzee akashusha chombo, akakirudisha kisandukuni taratibu.

Sauti za juu kabisa hazikurudi, na mzee hakuficha. Bendi ikampa nyimbo za taratibu, naye akazipiga miaka saba mingine, na waliomjua tangu ujana waliapa kwamba hajawahi kupiga vizuri hivyo. Kila Jumapili alasiri fundi alikuwa ukumbini, safu ya mbele.

Siku moja mwanamke aliyeketi kando yake alimuuliza wimbo ule unaitwaje.

"Sijui, dada yangu," fundi alijibu bila kubandua macho jukwaani. "Hebu tusikilize."