Bonde Halikutoka Nje

Jenerali hakuwa askari. Alikuwa fundi wa simu, mpole kwa wateja, mwenye kucheka hata na waliokuja kumgombeza. Lakini mkalishe mbele ya ile kompyuta kuukuu ya sebuleni, uone anavyogeuka mtu mwingine. Tangu utotoni hakuna aliyewahi kumnyang'anya mji kwenye mchezo wa vita. Na Jumamosi ile, vyombo vya mchana vilipokwisha kuoshwa, aliyevuta kiti kukaa naye mezani alikuwa mke wa kaka yake, fundi cherehani ambaye nyumba nzima ilishamzoea kwa jina la Sindano.

Waligombea chumba cha mbele.

Mle ndani, chini ya dirisha pana linalotazama barabara, ndimo ilimokaa cherehani ya Sindano, na kando yake kitanda kidogo cha mwanawe, Kifungo, mtoto wa kike aliyeanza juzijuzi kutambaa na kuokota kila uzi ulioanguka. Chumba chao cha kwanza kilikuwa cha nyuma, ukuta mmoja na jiko, hakina dirisha la maana, na moshi ukishaingia umeingia. Kifungo alikohoa mle mpaka macho yakawa yanamtoka. Walipohamia mbele kikohozi kikapungua, kikapungua tena, hata asubuhi moja Sindano akaamka kwa hofu kwa sababu hakusikia kitu. Akainama kitandani. Mtoto alikuwa amelala tu, anapumua kama watu wengine.

Sasa Jenerali naye alikuwa amechoka kufungua simu za watu chini ya mwavuli, upepo ukimpeperushia skrubu. Alilitaka dirisha lile liwe duka lake. Na huwezi kusema alikuwa mkorofi. Alizaliwa katika chumba kilekile. Akipewa yeye, Sindano na mwanawe wanarudi kwenye moshi.

Mama mkwe alikataa kuamua. "Huyu mwanangu, huyu mkwe wangu ananivisha. Msinikate vipande. Nendeni mezani kwa baba yenu."

Marehemu baba mkwe alikuwa akitengeneza kompyuta, na watoto wake walikuwa wakigombana kutwa. Siku moja, alipochoka, aliwakalisha mbele ya mchezo wa falme, akasema ugomvi wowote wa nyumba ile utamalizwa pale. Sheria zake zilikuwa chache. Mwenye madai huchagua dola kwanza, mwenzake anachukua iliyobaki. Wanacheza kwa zamu, na anayesubiri hutazama ukuta. Zawadi ikitumwa haikataliwi, maana mzee alichukia watoto wanaosusa. Na mwenye madai lazima auteke mji mkuu wa mwenzake kabla majira ya baridi ya mchezo hayajaisha. Mji ukibaki umesimama, hata kwa mnara mmoja, mwenye nacho anabaki nacho.

Jenerali alichagua Dola ya Chuma bila kufikiri. Sindano akabakiwa na Bonde: mji mmoja, vijiji viwili vitatu, mashamba, na askari wa kombeo wanaokimbia hata mbuzi akipiga chafya.

"Pole, shemeji," Jenerali alisema, akipasua vidole. "Nitafanya haraka, usiumie."

"Fanya taratibu tu," Sindano akajibu. "Nimezoea wateja wenye haraka. Ndio wanaorudisha nguo."

Wifi yake, msusi, mdogo wa nyumba, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi awe mwamuzi, akapiga kofi la kicheko. Lakini moyoni aliona wifi yake kaisha.

Sindano naye hakujidanganya. Tangu aolewe alikuwa akicheza na mumewe jioni, kabla mume hajaanza safari ndefu za lori, na mume naye alikuwa mpenda makubwa, kwa hiyo Bonde lilikuwa likimwangukia yeye kila mara. Alishakufa na Bonde hata akajua linapoanzia kufa. Lilianzia kufa darajani. Adui akionekana ng'ambo ya mto, Bonde hutoka kumzuia, na likishatoka halirudi.

Zamu yake ya kwanza hakutengeneza askari. Alipeleka zawadi: mikokoteni ya nafaka kwa Dola ya Chuma.

"He!" Wifi akaruka. "Wifi, unamlisha anayekuja kukumeza?"

"Namkaribisha."

"Huo ni woga wenye adabu," Jenerali alisema. Zawadi hakuweza kuikataa, na wala hakutaka. Zamu iliyofuata ikaja nyingine. Na nyingine. Kila mara Sindano alipogeukia ukuta, akawa anamsikia nyuma yake anabofya kwa furaha, anajisemea, "Haya, shemeji yangu mkarimu, hapa tuongeze kikosi... hapa tena..."

Jeshi la Chuma likanenepa. Likaenda kaskazini, likateka falme zilizochezwa na kompyuta yenyewe, likarudi na ngoma. Na kwa kuwa nafaka ilikuwa inaingia yenyewe kama maji ya bomba, Jenerali akafuta mashamba yake, moja baada ya jingine, mahali pake akajenga matanuri ya chuma. Sindano aliyaona matanuri yale yakifuka moshi upande wa pili wa ramani. Akaendelea kupakia mikokoteni. Alikuwa na mteja mmoja wa namna hiyo, bibi aliyezoea kushonewa akiwa palepale amekaa, hata sindano ya kurudishia kifungo hana tena nyumbani kwake. Mtu wa hivyo huwezi kugombana naye. Unamshonea, unatabasamu, ukijua ipo siku mlango utakuwa umefungwa.

Katikati ya mchezo Kifungo akaamka. Wifi akamleta, nywele zimesimama, uso una alama za shuka. Sindano akamnyonyesha palepale, ametazama ukuta, kwenye doa la rangi lililofanana na kikombe kisicho na mkono. Mtoto akavuta, akaacha, akakohoa.

Kikohozi kimoja tu, cha maziwa kwenda vibaya. Lakini Sindano akamwinua begani, akamsikiliza kifua. Nyuma yake kubofya kukasimama.

"Yuko salama?" Jenerali akauliza.

"Yuko salama. Cheza."

Kisha Jenerali akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema, "Samahani, shemeji. Huku kwingine kumekwisha. Umebaki wewe tu."

Alipogeuka, wapanda farasi wa Chuma walikuwa wamepanga safu ng'ambo ya mto, weusi, wengi, kama sisimizi juu ya sukari. Majira ya baridi yalikuwa yamebisha hodi. Daraja lilikuwa tupu.

Mkono wake ukaenda wenyewe. Askari wa kombeo walikuwa wameshakusanyika langoni, na kubofya mara moja tu kungewatoa. Akili ilimwambia angalau wafe wakipigana, mumewe asisikie kwamba mji ulitekwa umelala. Wifi alikuwa ameuma kucha. Kifungo, kwenye paja, alikuwa ameshika kidole cha mama yake kile kile cha kubofyea, anakivuta kukipeleka mdomoni.

Sindano akamwachia kidole. Akavuta pumzi.

Kisha akafanya alilokuwa hajawahi kufanya na Bonde. Alivuna kila shamba, bichi kwa bivu, akapata nusu ya alichokuwa akikipata. Akawaingiza wanavijiji wote mjini. Ghala likajaa, lango likafungwa. Na kwa mara ya kwanza tangu waanze, hakupeleka mkokoteni hata mmoja.

"Zamu yako, shemeji."

Jenerali akauzunguka mji. "Toka nje basi! Utajificha humo mpaka lini? Hata kunisalimia hutaki?"

"Salamu nakupa. Nje sitoki."

"Bonde zima limeingia uvunguni!"

"Uvunguni kuna joto," Sindano alisema, ingawa kijasho chembamba kilikuwa kinamshuka mgongoni.

Zamu zikapita. Ndani ya mji ghala lilipungua polepole, watu wakala kidogokidogo. Nje, namba za jeshi la Chuma zikageuka nyekundu. Jenerali akasogeza uso karibu na kioo.

"Mbona wanakonda hawa? Mbona kikosi cha kulia kimeondoka? Sijakiamuru!"

Wifi akainuka kwenye mkono wa kochi, akaja kuangalia, akashika kiuno. "Kaka. Mashamba yako yako wapi?"

"Nilijenga matanuri."

"Basi wape chuma watafune! Ulikuwa unalishwa na huyu huyu unayempiga!" Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mama mkwe, aliyejifanya hasikilizi tangu mwanzo, akachungulia mlangoni na taulo la vyombo mkononi.

Jenerali hakucheka. Alikuwa mchezaji kwelikweli, na aliona bado ana njia moja. Akirudi nyuma kutafuta chakula, baridi itaisha kabla hajafika tena. Akibaki, jeshi linayeyuka. Kwa hiyo akakusanya vyote vilivyobaki, farasi, magogo ya kubomolea, hata walinzi wa mji wake mwenyewe, akavitupa ukutani kwa pamoja.

Ilikuwa zamu ya mwisho. Sindano alitazama doa la ukutani akiwa amemkumbatia mwanawe. Ngoma za mchezo zikalia. Kitu kikubwa kikaporomoka, kingine tena. Akafikiria kitanda kidogo kikipitishwa kwa ubavu kwenye korido, miguu ikikwaruza, kurudi kule. Akafumba macho. Kifungo akamfumbua jicho moja kwa kidole.

Ngoma zikanyamaza.

Sindano alishindwa kugeuka. "Wifi," akaita. "Nisomee wewe."

Wifi akakohoa kama mtangazaji, akaanza: "Ukuta wa mashariki, chini. Ukuta wa magharibi, chini. Lango, limevunjika..." Sindano akamkaza mtoto kifuani. "...Mnara wa ghala," Wifi akasema, sauti ikampanda, "umesimama! Umesimama, wifi! Baridi imekwisha, Bonde lipo!"

Sindano akageuka. Lilikuwepo. Mnara mmoja uliopinda, moshi, na askari wawili wa kombeo juu yake wakizunguka kama waliopotea. Alitaka kucheka, kikatoka kilio, kisha vyote pamoja. Alikuwa hajui kwamba tangu mchana alikuwa amekaza meno. Sasa taya lilimuuma, na maumivu yale yalikuwa matamu.

"Kitanda cha mtoto kinabaki palepale," mama mkwe alisema kutoka mlangoni, akajifuta uso kwa taulo la vyombo, akarudi jikoni haraka kabla hajaulizwa analia nini.

Jenerali aliendelea kutazama kioo. Kisha akaegemea nyuma, pumzi ikamtoka ndefu, na Sindano akashangaa kuona mabega yake nayo yameshuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mtoto alipokohoa katikati ya mchezo," akasema polepole, "nilikaribia kuuacha mchezo. Nikaona nikiuacha utasema nimekuonea huruma."

"Ningekupiga na mkasi."

"Najua." Akanyoosha mikono, na Kifungo akamrukia bila kinyongo, akaanza kumtafuna kola. "Lakini hili la matanuri, shemeji, tusimwambie kaka."

"Nimeshamtumia ujumbe," alisema Wifi kutoka sakafuni.

Jioni ile dirisha la mbele lilikuwa wazi. Sindano alikuwa anapindia shati la mtu, hana haraka, mguu unakwenda na cherehani inaitikia. Kifungo alikuwa amelala, mdomo wazi, pumzi zake nyepesi. Upande wa nje wa dirisha, kwenye kibaraza, Jenerali alikuwa anapima ukuta kwa mkanda wa kupimia wa Sindano, aliouazima bila kuomba. Alipoulizwa alisema anaangalia tu kama meza ndogo inaweza kuenea pale nje, upepo usipofika.

"Inaenea," Sindano alimwambia, bila kuinua macho. "Nimekwisha kupima mimi. Na nitakushonea pazia la jua."

Jenerali akasimama na mkanda mkononi, akamtazama kwa mashaka makubwa.

"Shemeji," akasema, "hiyo ni zawadi?"

"Na haikataliwi."